Fundi wa Waranti na Waya Nilioukata

Mshauri ninayekuheshimu,

Barua hii naileta kwa mkono ofisini kwenu kwa sababu siku zimebaki chache, nami naomba unisaidie na jina langu ulifiche.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili, nilikuwa mtunza stoo ya vipuri katika shirika la umma mpaka lilipouzwa nasi tukapunguzwa kazi, na tangu hapo anayetulisha ni mke wangu, Anifa, ambaye biashara huria iliporuhusiwa nchini alianza na robota moja la vitenge na sasa ana duka Kariakoo, na mwaka huu amenunua pikapu mpya kabisa, ambayo viti vyake mpaka leo vina nailoni ya kiwandani. Pikapu hiyo ina waranti ya mwaka mmoja, na sharti la kampuni iliyotuuzia ni kwamba fundi mwingine asiiguse, hata mafundi wa mtaa wa Gerezani ninaowajua kwa majina, la sivyo waranti inakufa.

Mwezi wa pili taa ya injini iliwaka, ile ya njano kwenye dashibodi, kampuni ikasema ni petroli chafu, na baada ya kuitengeneza, fundi wao aitwaye Filbert aliirudisha dukani mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya marobota. Akaniambia, "Shikamoo, mzee," kisha akamgeukia mke wangu, "Dada, gari lako lina deko, linapenda kutazamwa," na mke wangu akacheka hadi akashika mlango. Mshauri, mtu huyo nimemzidi miaka minne tu. Mimi mzee, mke wangu dada. Na kicheko kile sijakisikia nyumbani kwangu tangu nipunguzwe kazi.

Basi asubuhi moja Anifa akiwa anaoga nilifungua boneti nikalegeza plagi moja ndogo ya nyaya za injini ninayoijua tangu enzi za stoo, nikidhani taa ikirudi ataona kwamba Filbert si fundi wa maana na atamchukia. Taa ilirudi. Anifa akaenda kwenye kampuni, akakalishwa chini ya feni, akapewa soda, akarudi akisema, "Maskini Filbert, amehangaika saa mbili nzima." Nikalegeza tena, na safari hiyo akamfungia vitumbua. Nikalegeza tena kwa hasira ya vitumbua.

Juma lililopita Filbert alitumwa kuikagua pikapu nyumbani kwetu. Alifungua boneti nikiwa nimesimama kando, akasema polepole, "Mzee, plagi hii niliifunga kwa waya kwa mkono wangu. Waya umekatwa kwa koleo." Koleo langu lilikuwa dirishani. Akalitazama, akanitazama. Hapo Anifa akatoka na sinia la chai.

"Umeona nini, fundi?"

"Imelegea tu, dada. Barabara zetu hizi."

Sasa Anifa ameniambia kwamba meneja, Bwana Urvish, amempa Filbert barua ya onyo kwa gari moja kurudi mara nne, na Ijumaa ataitwa mbele ya wakubwa, na huenda akafukuzwa. Anifa anakwenda kumtetea, tena anasema, "Twende wote, Baba Siwema. Wewe unajua mambo ya magari, watakusikiliza." Nikinyamaza, mtu anapoteza kazi kama nilivyopoteza mimi. Nikisema, mke wangu atanitazamaje? Na linaloniumiza kuliko yote, kwa nini Filbert alinifichia? Mtu hamsitiri mwenzake bure. Je, hana jambo na mke wangu ambalo hataki lichunguzwe?

Mwenye Donge, Kariakoo

Bwana uliyekata waya,

Pole kwa kazi uliyopoteza. Hiyo ndiyo pole pekee utakayoipata kwangu leo.

Umenihesabia kicheko, soda na vitumbua. Hakuna kadhi wala mshenga atakayepokea kesi hiyo. Mtu akikupa shikamoo jibu lake ni marahaba, nawe hukuniandikia kama uliitikia. Kila mara mkeo alipokwenda kwa fundi huyo, aliyempeleka ni wewe. Ungeiacha plagi, leo angekuwa amelisahau hata jina lake.

Unauliza kwa nini Filbert alinyamaza. Alikuwa uani kwako, mbele ya mkeo, na ana adabu. Amekusitiri kwa gharama ya kazi yake, na wewe unamtafutia dhambi. Huoni haya?

Sasa sikiliza. Mwambie Anifa leo, yote, wala usikitaje kicheko chake kana kwamba ndicho kilichoshika koleo. Atakasirika, mwache akasirike. Kesho nendeni wote kwa Bwana Urvish kabla Filbert hajaitwa ndani, na useme kwa kinywa chako kwamba plagi ulilegeza wewe na waya ulikata wewe. Omba waliandike neno hilo, utie sahihi, barua ya onyo ifutwe. Waranti ikifa, ife. Filbert akitoka, mtake radhi mbele ya mkeo. Kisha mwombe Anifa kazi dukani, maana aliyetunza vipuri anaweza kutunza vitenge, na mtu mwenye kazi hana nafasi ya kuvizia boneti.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Kisa chenyewe sikukibadilisha, kwa sababu Ijumaa ya fundi yule haitasubiri uone aibu yako imepoa. Gazeti hili linatoka Alhamisi alfajiri. Wauza vitenge wa Kariakoo husomeana safu hii kabla wateja hawajajaa, nao wanamjua mwenzao ambaye taa ya gari lake haizimiki. Maduka hayajafunguliwa bado. Mwambie wewe, kabla hajasomewa.