Chupa Iliyokuja na Ugoro

Nakuru, Februari 1957

Rebeka mwanangu uliye Molo,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kuichukulia chupa ya makohozi kama mtihani. Wanadhani yuko wa kushinda na yuko wa kuanguka, na kwamba mwenye hofu anaweza kumtafuta mwenye kifua cha nguvu amfanyie. Mimi nilifundisha darasani miaka sita kabla ya kuingia maabara, na nimewahi kumfukuza mtoto aliyekalia dawati la ndugu yake siku ya mtihani. Lakini chupa haitoi alama, binti yangu. Inauliza swali moja tu: ndani ya kifua hiki, kuna nini?

Nimeianza barua hii mara tatu tangu asubuhi. Naandika mistari miwili, nasimama, naenda dirishani, nafuta vumbi jeupe la ziwani ambalo nimekwisha kulifuta, narudi. Bwana Harbans, mkuu wangu hapa maabara, ameniambia, "Mwalimu, keti basi! Wewe natembea kama kuku nataka kutaga." Basi nimeketi. Lori la maziwa linarudi Molo saa nane, na barua hii sharti iwe ndani yake.

Alipotaja kuku nilikumbuka mayai yako. Ulikuwa na miaka tisa, na kila Jumatatu uliniletea kikapu cha mayai ya kuku wa mama yako, ukakikabidhi mlangoni na kuondoka huku umenuna. Siku moja nikakuingiza uone yanakokwenda. Niliyavunja mbele yako, nikayapiga, nikachanganya na rangi ya kijani, nikamimina katika vichupa vilivyolazwa ubavu, kisha nikavipasha moto taratibu mpaka yakaganda. Nikakueleza kwamba kijidudu cha kifua kikuu ni mvivu. Wenzake huota kwa siku moja, yeye hutaka majuma sita, pengine manane, na tena hataki kuota bila chakula kizuri.

Ulinitazama kwa hasira ya kweli. "Baba, yaani wadudu wanakula mayai, sisi tunakula maharagwe?"

Nilicheka hadi nikaweka chini chupa niliyoshika. Ili kukutuliza nikakupandisha juu ya kigoda utazame ndani ya hadubini. Nilikuwa nimepaka makohozi ya mgonjwa mmoja juu ya kioo, nikayatia rangi nyekundu ya moto, nikayaosha kwa tindikali, kisha nikaweka rangi ya buluu. Vitu vyote huachia ule wekundu vikipata tindikali. Kijidudu hiki peke yake hung'ang'ania. Uliziba jicho moja kwa mkono, ukatazama kwa muda mrefu, ukasema, "Ni kama njiti za kiberiti zimemwagika." Tangu siku ile kila ninapoziona nasema moyoni, njiti za Rebeka. Sikujua kwamba siku moja nitaliona jina lako limebandikwa juu yake.

Ulipokuja Januari na mtoto mgongoni nilikusikia ukikohoa kabla hujabisha hodi. Ukasema ni baridi ya Molo, na umande wa asubuhi unapochuma pareto. Nilipotaja wodi ukanikata maneno. "Nikilazwa miezi, Baba, Ezekieli atanyonya nani? Wewe?" Mtoto akacheka kana kwamba ameelewa.

Hapo ndipo nami nilipofanya kosa langu. Mgonjwa mwingine yeyote ningemtoa nje, nyuma ya maabara, upepo ukiwa mgongoni mwake. Ningemwambia avute pumzi mara tatu, akohoe kutoka chini ya mbavu, nami ningesimama pale mpaka nione kilichotoka. Lakini baba hasimami kumtazama binti yake aliyeolewa akitema. Niliona haya. Nilikupa chupa kama mtu anayempa mgeni chumvi ya kwenda nayo nyumbani, nikakwambia uijaze huko huko na kuituma kwa Wafula, dereva wa lori la maziwa.

Chupa ilifika Jumanne, imefungwa vizuri kwa kitambaa, na jina lako juu yake kwa mwandiko wako. Nilipaka kioo na kutazama. Njiti zilikuwepo. Hazikuwa moja au mbili za kutafuta. Zilikuwa zimemwagika kila mahali.

Sitakuficha nilichofanya. Nilipaka kioo cha pili, halafu cha tatu, kana kwamba nitauchosha ukweli uondoke. Kisha nikafungua daftari la majibu, nikashika kalamu juu ya mstari wako, na mkono wangu ulitaka kuandika "hakuna". Neno hilo nimeliandika maelfu ya mara, mkono unalijua. Nikajiambia kwamba utabaki nyumbani, mtoto atanyonya, na mimi nitakuletea vidonge kimyakimya. Na mtu huyo, Rebeka, ndiye aliyewagombeza wasaidizi wote wa maabara hii kuhusu kuandika kile walichokiona.

Bwana Harbans alinikuta hivyo. Aliichukua chupa, akaiinua dirishani, akaigeuza polepole.

"Mwalimu, binti yako nakula ugoro?"

"Rebeka? Hata harufu yake inampigisha chafya."

"Basi hii nyeusi-nyeusi ni nini?"

Nikatazama. Ndani ya makohozi mlikuwa na chembe za ugoro, wazi kabisa kwa macho matupu. Mimi niliyetazama kwa hadubini siku nzima sikuwa nimeitazama chupa.

Nikatoka mbio mpaka uwanja wa malori. Wafula alikuwa akishusha madebe. Nikamuuliza nani alimkabidhi chupa ile.

"Si yule nyanya," akasema. "Mama Kiprono. Alikohoa pale hadi akashika mlango wa lori. Nikamwambia, nyanya, kwani leo umemeza moshi? Akaniambia, 'Nyamaza, wewe kijana. Nimemsaidia mkaza mwana wangu kuni, nimemsaidia mtoto, leo nimemsaidia na kukohoa. Mwambie mkwe wangu hii imetoka kwa mtu mwenye nguvu.'"

Wafula alicheka.

Usimgombeze mama mkwe wako. Namkumbuka siku ya harusi yako, alivyokutwika kikapu kisha akakunyang'anya njiani akakibeba mwenyewe, wanawake wakimzomea kwamba anamharibu bibi harusi. Mtu wa namna hiyo akiona mzigo haulizi ni wa nani. Alijiona mzima kwa sababu anachuma pareto kuliko wasichana, akataka nguvu zake zikuokoe wewe usilazwe. Lakini kifua hakisaidiwi, kila mtu hukohoa chake. Yeye ndiye mgonjwa, Rebeka. Na kama ningeandika lile neno nililotaka kuandika, uongo wangu ungekumbatiana na wema wake, na hakuna ambaye angejua mpaka mtoto aanze kukonda.

Kuhusu wewe sijui lolote, na hilo ndilo linaloninyima kuketi. Pengine ni baridi kweli. Pengine mmeambukizana. Hata ukileta chupa yako mwenyewe na kioo kikakosa njiti, bado nitaotesha makohozi yako kwenye mayai, na nitalifungua kabati la joto tunamooteshea kila asubuhi kwa majuma manane nikitafuta uvimbe mdogo juu ya yai, wa rangi ya malai ya maziwa. Ndiyo kazi yetu, kungoja. Niliifanya kwa ajili ya watoto wa watu wengine na kuwaambia wawe na subira. Nashangaa hawakunipiga.

Mwambie Mama Kiprono kwamba mambo si kama zamani. Nilipoanza kazi tuliwapa watu hawa kitanda na maziwa, tukawaombea. Sasa ziko sindano na viko vidonge, na nimeona watu walioingia hapa wamebebwa wakitoka kwa miguu yao, wakigombana na karani. Ni miezi mingi, sitamdanganya, lakini ni miezi yenye mwisho. Ndani ya bahasha nimetia karatasi ya daktari ya kumwonyesha nyapara, asiseme mmetoroka kazi. Wafula atawachukua nyote watatu Alhamisi. Safari hii utakohoa mbele yangu, nami sitaona haya.

Huwa unasema baba yako hawezi kukupa maji bila kukueleza mvua inatoka wapi. Basi vumilia elimu moja ya mwisho. Kijidudu hiki hupanda pumzi ya anayekohoa, hukaa katika hewa ya chumba kilichofungwa, na hakipendi upepo wala jua. Najua nyumba zenu za laini, za wafanyakazi wa shamba, dirisha dogo limezibwa kwa gunia, na Ezekieli analala kifuani pa bibi yake karibu na moto kwa sababu wewe unaamka mapema. Ulinieleza hayo mwenyewe, ukifurahi kwamba ana joto.

Wafula anapiga honi. Nakuaga hapa, mwanangu, na mengine tutasemezana ana kwa ana. Leo, ukishaikunja barua hii, ondoa lile gunia dirishani, umfunike Ezekieli vizuri, umlaze peke yake.

Baba yako