Mkono Unauma Wapi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mdogo wangu, yule mpenda usingizi. Mimi mwili haujambo, ila akili imenivurugika hata sijui nianzie wapi.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa hapa chuoni, maana wewe unaniita tu mwalimu wa mikono. Profesa amenipa rundo la tafiti kuhusu namna wanafunzi wa udaktari wanavyofundishwa sehemu za mwili, nitafute pengo, yaani jambo ambalo bado hakuna aliyelichunguza. Mama, karibu watafiti wote wanauliza lile lile: mwanafunzi anafaulu zaidi akisomea kwenye maiti, sanamu za plastiki au kompyuta? Huyu anasema maiti, yule kompyuta, wa tatu anasema yote sawa. Nimesoma mpaka macho yananiwasha, na pengo silioni.

Juzi niliandamana na wanafunzi kwenda kuona wagonjwa. Yuko mmoja tunamwita Kamusi, anataja kila mfupa kwa jina lake la kigeni bila kusita. Akaja seremala, akasema mkono unamuuma. Kamusi akamshika kiganja, akamkunja vidole kimoja kimoja. Seremala akasisitiza kwamba ni mkono. Mwishowe alichoka, akavua shati na kumwonyesha bega. Tulicheka mpaka Kamusi akanuna. Kumbe pengo ndilo hilo: katika rundo lote lile, hakuna aliyeuliza kama daktari na mgonjwa wakisema mkono wanasema kitu kimoja. Nikatoka mbio kumwambia profesa, lakini njiani furaha ikaniishia.

Nilikukumbuka wewe. Tangu mwaka jana unaniambia kwenye simu kwamba mkono unakuuma, nami nakujibu upunguze kufua, upake dawa ya kuchua kwenye vidole. Nikikuuliza unauma wapi, unacheka, unasema mwalimu wa mikono mzima hujui mkono! Halafu nilipokuja likizo nikakuta umenyoa nywele zako zote, nikakutania kwamba unautafuta usichana. Sasa naogopa, Mama. Ulinyoa kwa sababu mkono haupandi tena kufika kichwani? Labda nakosea. Sijui, na kutojua huku kunanitia aibu.

Profesa atasubiri. Jumamosi nakuja, twende hospitali pamoja. Usinieleze kitu, nionyeshe tu kwa kidole. Mwamshe mdogo wangu umpe salamu zangu. Na nywele zikiota, nitakuchana mwenyewe.

Mwanao,
Mwalimu wa Mikono