Kigae Kimoja Pungufu

Mama Mkubwa Lenore,

Nimefika chuoni. Keki ya jibini uliyonifungia nimempa jirani.

Nataka kusema juu ya majong ya Jumatano, ule mchezo wenu wa vigae. Tulipomaliza kupitishana vigae, mimi nilikuwa na kumi na viwili badala ya kumi na vitatu. Wewe uliyekaa ubavuni uliliona hilo. Niliyaona macho yako yakivipitia vigae vyangu, nikadhani unanihurumia kwa mkono mbaya wa vigae. Ungesema wakati ule, ningeokota kimoja kwenye ukuta wa vigae pale mezani na mambo yangekwisha. Ukanywa chai yako. Bi Harriet alipotupa kigae cha kwanza tu, na kosa halirekebishiki tena, ukasema, "Haya, mwanangu, mkono wako umekufa. Kaa ututazame."

Bi Roslyn akacheka. "Lenore, huna hata haya! Mtoto wa marehemu mdogo wako!"

"Kwani hajui kuhesabu? Si ndiye msomi wetu?"

Nikakaa pale nikiwatazama, na hapo nikakuelewa. Daktari alikwambia kabla ya Pasaka kwamba Mama hataponi, naye Mama angali anaongea na kuuliza nitarudi lini. Ulinipigia simu alipokuwa hawezi tena kufumbua macho. Ukasema hukutaka kunivurugia mitihani. Mitihani ningeirudia, Mama Mkubwa.

Kiti cha Mama mlichonikalisha sikitaki tena. Jumatano mtakuwa watatu, na mezani kwenu watatu hawachezi. Bi Harriet akiuliza niko wapi, mwambie wewe mwenyewe, na safari hii mwambie mapema.

Dvora