Kiti cha Miguu Mirefu

Jumamosi, Lodwar

Na mgongo bado unauma, maana leo kule Kakuma, kwa muuza vyuma chakavu, nimekalia viti vya kila gari lililowahi kupinduka kati ya Lokichar na Lokichoggio. Gari letu la spoti, ninaloliunda na Majok kwa mabati na ukaidi, linahitaji viti viwili tu. Changu nilikipata mapema: laini, kinanikumbatia kama shangazi.

Cha Majok ndicho kilichosumbua. Yeye ndiye mchomeleaji, na Mungu alimpa miguu ya kuwatosha watu wawili. Nikapata kimoja chenye reli ndefu, kinachorudi nyuma kabisa. Nikamwita akijaribu.

Hakukikalia. Alinionyesha kingine, kifupi.

"Chukua hii, ndugu. Itatosha mtu yeyote."

"Hapo magoti yatakuziba masikio."

"Magoti yangu haitakuwa hapa." Alikuwa anapangusa kiti kisicho na vumbi. "Jina yangu imetoka kwa ubao ya kambi. Naenda Kanada."

Muuzaji, Mkongo mpole, akasema hongera. Nami nikasema hongera. Amekulia katika kambi ya wakimbizi akiusubiri ubao huo wa majina ya wanaohamishiwa ng'ambo. Ningesema nini kingine?

Nimenunua kile cha reli ndefu. Majok alinitukana kwa Kiarabu cha Juba, kisha akakibeba mwenyewe mpaka kwenye lori la kunirudisha Lodwar.

Amesema akipata kibali cha kutoka kambini atakuja Lodwar kuchomelea mlango wa upande wake kabla hajaondoka. Nimemwambia hakuna haraka.