Damu ya Zaituni

Kwako marehemu mke wangu Bi Mwanaidi, uliyeniachia mjukuu na mdomo huu usiokoma,

Hapa Kigombe hatujambo, ila mimi sina raha, na usiseme ni uzee. Yule daktari Mzungu amerudi.

Unakumbuka alivyokuja mwaka juzi kuchunguza homa gani inavimbisha bandama za watoto wetu? Alimwomba ruhusa jumbe, akatuomba sisi wanaume barazani, tukaitikia, tukanywa chai ya huyo Malkia wao mpya. Nyinyi wanawake hakuna aliyewauliza. Siku ya kupima mkawaficha watoto wote kwenye mkonge, maana kila mama alisema lile gari ni la mumiani, damu inakwenda kuuzwa. Daktari akakuta wazee watupu. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, pima hawa, bandama zao zimevimba kwa uvivu." Dresa wake, yule Mbondei msaidizi wake wa kufunga vidonda, alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Wewe hukucheka. Ulitoka jikoni na unga mikononi, ukamwambia dresa, "Mwambie bwana wako, mtoto hapimwi kwa ruhusa ya mume wangu. Huyu hajui hata mjukuu wake Zaituni alizaliwa msimu gani!" Ukaweka masharti: kila mama ampakate mwanawe, na pamba iliyofuta damu apewe mwenyewe akaizike, kama tunavyozika nywele za kwanza za mtoto, asije hasidi akaiokota. Daktari akakubali. Watoto wakatoka mkongeni.

Safari hii si tone la kidole tena. Anataka damu ya mkononi, kwa bomba la sindano. Lakini amejifunza: aliketi mkekani na kina mama, akawajibu mpaka koo likamkauka. Walipomaliza naye wakanigeukia mimi.

"Babu, Bi Mwanaidi ndiye aliyetufungulia njia. Zaituni akitangulia, na sisi tutaleta wetu."

Mwanaidi, Fatuma wetu alikufa akimzaa huyu. Sina mwingine. Nikatafuta mzaha, nikaishia kusema haya, atatangulia.

Leo asubuhi nimempakata. Sindano ilipoingia akasema, "Babu, mbona wanibana hivyo?" Hakulia. Kina mama walisimama nyuma yetu na watoto wao, wanamtazama yeye, si daktari.

Sasa ni alasiri, naye amelala. Zaituni, kulala alasiri! Nimemshika paji la uso, nikamshika tena. Sijui kama lina moto au ni mikono yangu ndiyo ya baridi. Mama Saidi, jirani yetu, kachungulia mlangoni: "Mzee, hajaamka tu?" Nikimwita dresa, kijiji kizima kitajua naogopa, na kesho watoto watarudi mkongeni. Nisipomwita, na mtoto akazidiwa?

Wewe ungekuwa umeshafika kwa dresa zamani, ukimvuta kwa shati. Basi na wajue naogopa. Mama Saidi atakaa naye, mimi nakwenda. Mwombee mjukuu wako huko uliko, na ukipata nafasi, niombee na mimi.

Mumeo,
babu yake Zaituni