Ephraïm juu ya mugongo wa mama mukwe

Leila, acha kupika, soma hii. Nimecheka mupaka mbavu zinauma.

Unamujua Ephraïm, muchumba wa dada Christelle. Unajua vile anamuheshimu mama yetu, kwa desturi mukwe hamugusi mama mukwe: akimuona barabarani anahama upande, hata mukono hamupatii.

Leo mama mwenyewe akamualika twende wote kwenye ile hifadhi ya ndege, pale matete yanaingia ziwani. Ephraïm akatembea nyuma kabisa, na shati lake jeupe.

Kumbe kiboko alikuwa amelala ndani ya matete. Akainuka pembeni yetu, akalia mara MOJA. Moja tu!

Leila, Ephraïm aliruka! Kugeuka, tunamukuta juu ya mugongo wa mama. MUGONGO WA MAMA MUKWE! Amemushika shingo, miguu inaning'inia.

Kiboko akaingia majini, akaenda zake. Ephraïm hashuki. Mulinzi wa hifadhi akakaa chini kwa kucheka.

Mama akasema polepole: «Mukwe, kiboko amekwenda. Unaweza kushuka.»

«Unaweza kushuka»!!

Njia yote ya kurudi Ephraïm alitazama viatu vyake. Christelle akalia, akazani ndoa imekufa.

Tulipofika nyumbani, mama akamuita mbele ya baba yetu: «Ephraïm, usinikimbie tena. Mugongo huu umebeba watoto wangu tu. Basi na weye sasa ni mutoto wangu. Kaa, tukule.»

Akakaa. Pembeni ya mama kabisa! Akamaliza sahani mbili za samaki wa ziwa, migebuka.