Pole Niliyowapa Watu wa Kwetu

Jumatatu, saa kumi jioni. Mvua imeanza adhuhuri na haijaacha. Hapa mjini, mtaa wa Elgon View, mvua haina kelele, inanyeshea nyasi zilizokatwa vizuri na hakuna anayeshtuka. Kule nyumbani, Plateau, sasa hivi inapiga mabati ya Mama mpaka watu wanapaza sauti ndio wasikilizane. Dada yangu Jerotich yuko kule. Mimi niko hapa.

Tulimzika Mama Jumamosi.

Ninyi mnaosoma hapa mnanijua kama yule mke wa mbunge anayelalamika kuhusu viatu vya kisigino kwenye matope. Leo sina la kuchekesha. Kuna kosa nimefanya, na nisipoliandika litanikaa kifuani.

Kwa walioolewa na watu wa kazi za kawaida, niwaeleze kidogo. Jumamosi za mbunge ni za matanga. Miaka saba sasa, karibu kila Jumamosi mimi na Mheshimiwa tuko kwenye mazishi ya mtu, wakati mwingine matatu kwa siku moja. Kazi yangu ni ya dakika mbili. MC ananiita nisalimie watu, nasimama, nasema, "Naipa pole familia ya marehemu. Mimi na Mheshimiwa tuko pamoja nanyi wakati huu mgumu. Mungu awatie nguvu." Kisha nampa yeye maikrofoni. Maneno hayo nimeyasema juu ya majeneza ya watu ambao jina lao nililisoma kwenye karatasi ya ratiba nikiwa tayari nimesimama. Nayasema bila kufikiri, kama vile mtu anavyofunga kifungo cha sweta.

Jumamosi nilifika kwetu na magari ya Mheshimiwa. Alikuwa na mazishi mengine asubuhi, akaomba tuingie pamoja, nikakubali. Tulipoingia, vijana wa itifaki walituvutia viti kwenye hema la viongozi, nikakaa. Hakuna aliyenilazimisha, hilo nalisema wazi. Ndugu zangu walikuwa hema la pili, karibu na jeneza, na kati ya Jerotich na kaka yetu kulikuwa na kiti kitupu. Nilikiona. Nikajiambia nitahamia baadaye, wageni wakishatulia.

Halafu MC akasema, "Sasa tumpe Mama Mheshimiwa nafasi atusalimie."

Nikasimama. Nikashika maikrofoni. Na mdomo wangu ukaenda wenyewe.

"Naipa pole familia ya marehemu."

Niliyasema yote mpaka mwisho. Mimi na Mheshimiwa tuko pamoja nanyi. Mungu awatie nguvu. Niligundua nilichosema nilipomwona Jerotich. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa kidogo, vile mfiwa anavyomwinamia mgeni, akasema, "Asante, Mama Mheshimiwa. Familia imeshukuru."

Nikampa mume wangu maikrofoni. Alianza na mama mkwe wake, akaenda kwa barabara ya lami, akamalizia kwa wapinzani wake. Sikuhamia kile kiti. Niliona aibu kuvuka uwanja mbele ya watu wote.

Kwenye gari, tukirudi mjini, alinishika mkono. "Umeongea vizuri," akasema. "Fupi, na watu wameguswa."

Hakuwa amesikia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la Jerotich. Na ni mtu aliyempenda Mama kweli. Alipokuwa bado mwalimu, wakati nilikuwa namwita Baba Chebet, kabla hajawa Mheshimiwa mpaka jikoni, alikuwa akikaa naye uani wakipukuchua mahindi, Mama akimtania kwamba vidole vyake ni vya chaki. Siwezi kumlaumu sana. Mimi mwenyewe sikuyasikia niliyokuwa nasema.

Jana mtu wa ofisi yake ameweka picha yangu kwenye ukurasa wao. Nimeshika maikrofoni, kilemba kimekaa sawa. Chini wameandika, "Mama Mheshimiwa aifariji familia iliyofiwa." Watu wanamwombea Mama Mheshimiwa huyo baraka kwa kujali wananchi. Nyuma ya kiwiko changu inaonekana kona ya jeneza la Mama. Nimeivuta picha ikawa kubwa, nikatazama ile kona tu, kwa muda mrefu.

Sijalia bado. Jumamosi kulikuwa na kamera, na nimefundishwa vizuri.

Leo asubuhi simu mbili. Ya kwanza ni msaidizi wa Mheshimiwa, msichana mpole, akiuliza nywele nitasukwa lini, kwa sababu Jumapili kuna sherehe ya akina mama na nitakaa jukwaani. Ya pili ni shangazi yangu, Senge, dada ya marehemu baba.

"Kesho asubuhi watoto wa mama yenu wananyolewa," akasema. "Dada yako hawezi kukuita. Amesema wageni hawanyolewi. Mimi ndio nakuita. Saa mbili. Kama unakuja, kuja."

Kunyoa kwa ajili ya mzazi ni jambo ambalo wengi kwetu wameacha. Lakini Mama alinyoa tulipomzika nyanya, na Jerotich amesema kwa Mama itafanywa. Asiyenyolewa si kwamba amefukuzwa. Amejihesabu tu mahali pengine.

Mchana nilimwambia Mheshimiwa. Alikuwa anakula, akasimamisha kijiko.

"Na Jumapili?"

"Jumapili nitakuwa na kipara."

"Watu watauliza, Mama Chebet."

"Waambie nimefiwa. Inaonekana hawajui."

Alinitazama, na nikaona maneno ya Jumamosi yakimfikia moja moja, siku mbili yamechelewa. Aliweka kijiko chini. Hakusema pole. Nafikiri aliogopa kulitumia neno hilo.

Tangu hapo nimekaa dirishani nikifumua nywele. Upande wa kulia umekwisha, wa kushoto nafumua nikiandika, ndiyo maana leo naandika polepole. Gari sitachukua la Mheshimiwa. Nitapanda boda hata mvua ikinyesha, na nikifika nitakaa chini na wenzangu. Sijui kama Jerotich ataninyoa mwenyewe au atampa Senge wembe. Sijui kama atanisalimia kwa jina langu, Jepkoech, ama lile lingine. Nikipewa nafasi ya kusema, sitasema kitu.

Tulipokuwa shule ya msingi, kila muhula ukifunguliwa Mama alitunyoa mimi na Jerotich uani, kwa wembe na povu la sabuni. Alinishika kidevu kwa nguvu ili nisitikisike, na akimaliza alipitisha kiganja chake kichwani mwangu, mbele mpaka nyuma, kuona kama kuna mahali amesahau. Nilipoingia kidato cha kwanza nilianza kufuga nywele.

Mtu wa mwisho kukiona kichwa changu kikiwa kimenyolewa ni Mama. Kesho hatakuwepo kupitisha kiganja.

Sasa nalia. Acha niache kuandika.